Tochi ya urujuanimno Convoy S2+: inafichua nini kwenye kofia za maofisa wa Wehrmacht

Kwa anayekusanya kofia za maofisa wa Wehrmacht, yaani jeshi la Ujerumani la mwaka 1935 hadi 1945, tochi hii inastahili bei yake, mradi uchague yenye diodi ya kampuni ya Nichia ya nanomita 365 na kichujio cha kioo cheusi. Tochi za bei ya chini za nanomita 395 humwaga zambarau nyingi inayofunika mng'ao hafifu unaoutafuta. Inatumia betri moja ya lithiamu ya kuchajiwa, aina ya 18650. Vaa miwani ya kukinga urujuanimno, maana mwanga wenyewe hauonekani vizuri na jicho halijui kujilinda.

Zima taa zote. Pangusa kofia kwa brashi laini kwanza: nyuzinyuzi za nguo zilizofuliwa kwa sabuni ya kisasa huwaka na kukupotosha. Anza na mshono unaoshika mkanda wa jasho (ngozi inayozunguka ndani ya kofia), uhamie kwenye utepe mwembamba wa rangi ya kikosi (mweupe kwa askari wa miguu, mwekundu kwa mizinga, waridi kwa vifaru), umalizie na bitana.

Uzi unaowaka buluu-nyeupe sawasawa tangu mwanzo wa mshono hadi mwisho kwa kawaida ni wa baada ya vita: ama kofia ni feki, ama imeshonwa upya. Mabaka ya mng'ao ni habari nyingine. Mara nyingi yanaonyesha kofia halisi iliyosafishwa kwa sabuni, kwa hiyo usiitupe bado. Kata milimita chache za ncha ya uzi uliolegea, uzichome. Pamba hugeuka jivu. Poliesta huyeyuka ikaacha kidonge kigumu, nayo haikuwa sokoni kabla ya vita kwisha. Fanya hivyo mbali kabisa na kofia! Kinga ya jasho iliyo ndani, juu ya bitana, mara nyingi ni seluloidi, na seluloidi hushika moto kwa kasi ya kutisha.

Kikomo cha tochi ni kwamba inaweza kutia hatiani, lakini haiwezi kusafisha jina. Mwigaji mzuri hushona kwa pamba isiyong'aa, akapiga muhuri wa Erel au Peküro (chapa za kofia za enzi hizo) kwenye ngozi, na gizani huoni kitu.

Hatari zaidi ni kofia za jeshi la Ujerumani Mashariki, lililoundwa mwaka 1956, zilizobadilishwa nembo. Kofia za jeshi lake la nchi kavu hazikuwa na nembo ya ndege tai juu ya shada kama za Wehrmacht, hivyo mdanganyifu hutoboa upya ili kuiweka. Hapo washa taa ya kawaida, inua bitana kwa uangalifu, utazame miguu ya nembo (pini zinazoishikilia) kwa nyuma. Matundu ya ziada, au kitambaa cha chini ya tai kilichopauka sawa na cha pembeni, vinatosha kukufanya urudishe kofia.

Ukinunua mtandaoni, mwombe muuzaji picha ya mshono wa mkanda wa jasho chini ya nanomita 365, na nyingine ya nyuma ya nembo. Picha ya tai kwa mbele peke yake usiilipie.