Baada ya Makerere: Trieste au Kigali?

Umemaliza fizikia Makerere na moyo uko kwenye nadharia, si maabara. Trieste, Italia, kuna ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia alichokianzisha mwanafizikia wa Pakistan, Abdus Salam, mwaka 1964. Diploma yake ni ya mwaka mmoja tu na masomo hayana huruma, ila unakunywa kahawa na watu uliozoea kuona majina yao juu ya makala. Barua nzito za mapendekezo, za kuombea nafasi ya uzamivu, hutoka hapo. Kigali kuna EAIFR, taasisi ya Afrika Mashariki ya utafiti wa msingi, mshirika wa ICTP tangu 2018: unapata uzamili kamili, na kutoka Kampala unafika kwa basi. Mwenye familia ningemwambia Kigali, bila kusita. Asiye na mzigo aende Italia, lakini ajue diploma ile si uzamili, na vyuo vya huku huanza kwa kuangalia vyeti.