Bunduki ya shabaha ya mbali: ipi kwanza, ipi ingoje

Kabla ya kubishana kuhusu kaliba, yaani ukubwa wa risasi, cheti. Sheria ya Silaha ya Uganda ya 1970 hairuhusu mtu kununua bunduki wala risasi bila cheti, na cheti hakipatikani kwa asubuhi moja. Kwa hiyo chagua bunduki utakayokaa nayo miaka, ambayo risasi zake utazipata tena mwakani. Kigezo hicho peke yake kinafuta majina mengi yanayosifiwa mtandaoni.

Namba moja kwangu ni .22 LR, kaliba ndogo kuliko zote hapa. Cheka, halafu sikiliza. Risasi yake ya mashindano hutoka mtutuni kwa mwendo wa kama mita 330 kwa sekunde, ni nyepesi, na upepo huanza kuichezea hata kwenye mita 100. Haipigi teke, haimalizi pesa, na inakufunza kupumua na kubonyeza kifyatulio taratibu. Aliyeshindwa kuusoma upepo kwa .22 akinunua kubwa anaongeza kelele tu.

Ya pili, na kwa wengi ndiyo ya kukaa nayo, ni .308 Winchester. Ipo tangu 1952, na kule Bisley, uwanja wa shabaha wa Uingereza, wapigaji huifikisha yadi 1,000 (mita 914) bila hata darubini. Mtutu wake mara nyingi huvuka risasi 5,000 kabla ya kuchoka. Chukua kichwa (kile kipande cha risasi kinachoruka) cha greni 155 au 175, yaani gramu 10 au 11 na ushee. Kile cha greni 168 cha muundo wa zamani ni kitamu hadi mita 600. Karibu na yadi 1,000 mwendo wake unashuka kufikia kasi ya sauti, nacho kinaanza kuyumba.

6.5 Creedmoor naiweka ya tatu, ingawa kwenye karatasi inaishinda .308. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa huisukuma .308 karibu mita 2 kwenye yadi 1,000, 6.5 husogea kama mita moja na nusu. Lakini mtutu wake huanza kuchoka kati ya risasi 2,000 na 3,000. Ukiwa na uhakika wa risasi na wa mtutu mwingine, ipandishe ya pili.

.300 Winchester Magnum iache dukani. Teke lake litakufunza kufumba macho.

Sasa risasi zenyewe, mahali ambapo wengi hubana pesa wasipopaswa. Kwa .308, tofauti ya mita 10 kwa sekunde kati ya risasi na risasi inaweza kuacha kama sentimita 30 juu na chini kwenye yadi 1,000. Nunua za mashindano, loti moja (zilizotengenezwa kwa mkupuo mmoja), na uandike namba ya loti kwenye daftari. Usiziache ndani ya gari juani: baruti ikipata joto, mwendo unapanda, na shabaha inahama bila wewe kugusa kitu.

Jedwali la kiwandani, lile linaloonyesha risasi inavyoshuka kwa kila umbali, nalo mara nyingi limepigiwa hesabu ya usawa wa bahari. Kampala iko kama mita 1,200 juu, na Kabale inakaribia 2,000. Hewa ni nyepesi, risasi inashuka kidogo kuliko jedwali linavyosema. Ingiza mwinuko halisi kwenye programu ya simu ya kukokotoa mwendo wa risasi, kisha uhakikishe kwa kupiga.

Darubini: ukuzaji wa mara 15 hadi 25 unatosha. Zaidi ya hapo, saa sita mchana utakuza mvuke wa joto tu, shabaha ikicheza kama iko chini ya maji. Kagua kwanza vitufe vya kurekebishia: vizungushe mibofyo 40 kwenda na 40 kurudi, upige tena. Tundu lisiporudi pale pale, rudisha darubini, hata kama kioo chake kinang'aa namna gani.

Na vizuia kelele vya masikioni. Vinunue siku ile ile ya .22.