Kitanda Kilichokazwa Sakafuni: "The Speckled Band" ya Arthur Conan Doyle

Ukiona The Adventures of Sherlock Holmes kwenye vitabu vya inama, vile vinavyopangwa kando ya njia katikati ya jiji la Nairobi, fungua hadithi ya nane kati ya 12. Kagua kurasa papo hapo, maana nakala za mitumba hunyofoka, na hii bila mwisho wake ni hasara tupu. Kisha tafuta mahali mpelelezi Holmes anapogundua kwamba kitanda kimekazwa sakafuni. Kama hapamo, hilo ni toleo lililofupishwa. Rudisha.

Hadithi hii ya Februari 1892 imesimama juu ya vitu vya chumbani: kamba ya kengele isiyofungwa kwenye kengele yoyote, tundu la hewa linalotokea chumba cha jirani badala ya nje, na kitanda kisichosogezeka. Kimoja kimoja, utadhani ni kazi ya fundi mzembe. Vipange pamoja uone njia inatoka wapi na inaishia wapi. Tamaa nayo ina hesabu: mali ya marehemu mama huleta pauni 750 kwa mwaka, na kila binti akiolewa hudai 250. Mabinti ni wawili. Baba wa kambo, Dkt. Roylott, alijua hesabu ya kutoa.

Kwenye lugha ndiko kwenye kazi. Julia, mmoja wa mabinti hao, anakata roho akitaja "speckled band": "speckled" ni yenye madoa, na "band" ni neno la Kiingereza lenye maana ya mkanda na pia genge, ndiyo maana shaka inawaangukia Wajipsi, watu wa kuhamahama waliopiga kambi pale Stoke Moran, nyumbani kwa Roylott, wenye leso za madoa kichwani. Anayeisimulia kwa Kiswahili akisema "mkanda" amekwisha kutoboa siri. Akisema "genge" amedanganya. Akisema "bendi", Mnairobi atawaza rumba. Afadhali kuliacha neno lilivyo na kulieleza.

Asiyetaka kujua muuaji aishie hapa. Ni nyoka, anayeitwa kwa mluzi na kupewa maziwa kisahanini. Waulize wahudumu wa Snake Park pale Makumbusho ya Nairobi: nyoka hana sikio la nje, hunasa zaidi mitetemo na sauti nzito, na chakula chake ni panya na vyura, si maziwa. Sumu inayoua kwa sekunde kumi nayo ni chumvi ya mwandishi. Hata hivyo, mwaka 1927 Doyle mwenyewe aliiweka ya kwanza kati ya hadithi zake 12 bora za Holmes.

Hakimiliki imekwisha, kwa hiyo nakala kamili hupakuliwa bure.