Mtindi wa kuchuja wa Ngamiani, kwa anayepiga chuma usiku

Anayetoka jim saa tatu usiku hapa Tanga huwa na njia mbili: kula zege (chipsi mayai) kibandani, au kulala na njaa kwa kuogopa kitambi. Njia ya tatu ipo Ngamiani, kwenye duka dogo la maziwa ambalo halina hata kibao, na karibu wote ninaowafundisha mazoezi nimeshawaelekeza huko. Nalisifu duka hili kama kocha. Utamu wa mtindi wake utauonja mwenyewe. Mimi nataka kueleza unavyomfaa mtu anayejenga misuli na hataki tumbo lije nayo.

Wanauza maziwa ya moto, mtindi mwepesi wa kunywa na mtindi mzito wa kuchuja. Huo wa mwisho ndio wa kuufuata. Mama mwenye duka anachemsha maziwa kwanza, jambo ambalo si kila muuzaji hulifanya, na ndilo la kwanza nililomuuliza, maana maziwa mabichi yanaweza kukuachia brusela, ukahangaika na homa za vipindi na viungo kuuma bila kujua umelogwa au umeumwa. Yakishachemka anayaacha yatulie mpaka malai yapande juu, anayaengua kwa upawa na kuyaweka kando kwa ajili ya samli. Ndipo anatia mtindi kidogo wa jana, anafunika na kuyalaza usiku kucha. Asubuhi anamimina mgando ule kwenye kitambaa cheupe, anafunga ncha zake nne na kukitundika msumarini juu ya ndoo. Maji ya manjano yenye ukijani yanadondoka hapo mchana wote. Ikifika magharibi kilichobaki kitambaani ni kizito hasa: ukichota na kugeuza kijiko, hakianguki.

Sasa tupige hesabu. Maziwa ya ng'ombe yana gramu 3.3 hivi za protini katika kila gramu 100, na asilimia 80 ya protini hiyo ni kasini, ile inayoganda ikikutana na asidi ya tumboni na kumeng'enywa polepole kwa saa kadhaa. Yakishatoka maji, protini inabaki imesongamana, na mtindi mzito wa namna hii huwa na gramu 8 mpaka 10 katika kila 100. Robo kilo inakupa gramu 20 na kitu, karibu sawa na kijiko kimoja cha unga wa kasini wa makopo. Dukani hapa robo kilo ni shilingi 2,500. Kopo la kasini kutoka nje, ukiliagiza Dar es Salaam, linazidi laki mbili, na kijiko kimoja kinakugharimu elfu saba au nane. Vijana wangu wawili watatu walikuwa wanajinyima chakula cha mchana ili wachange hela ya kopo. Nimewakataza, na nitaendelea kuwakataza.

Kwa nini kasini, na kwa nini usiku? Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, waliwapa vijana waliotoka kunyanyua vyuma jioni gramu 40 za kasini nusu saa kabla ya kulala. Tumbo liliimeng'enya vizuri tu wakiwa usingizini, na ujenzi wa protini ya misuli usiku ule ukawa juu kwa asilimia 22 hivi kuliko kwa wenzao ambao kinywaji chao hakikuwa na protini. Mwaka 2015 wakafuatilia vijana 44 kwa wiki 12 za mazoezi. Waliokunywa gramu 27.5 za protini kila usiku walitoka na nguvu na misuli zaidi kuliko kundi la pili, ambalo kinywaji chake hakikuwa na protini. Mabaunsa wengi husoma mpaka hapo wakakimbilia dukani. Lakini tazama: wale wa kundi la pili hawakupewa protini hiyo asubuhi wala mchana, hawakupewa kabisa. Kwa hiyo faida ile huenda ilitokana na wingi wa protini ya siku nzima kuliko saa ya kuila. Uchambuzi wa mwaka 2018 uliokusanya majaribio 49 uliona kwamba, kwa wastani, ukishafika gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku, kuongeza zaidi hakujengi misuli zaidi. Mwenye kilo 70 anahitaji gramu 112.

Hapo ndipo duka hili linapopata maksi zake kwangu. Mtu wa kwetu akinywa chai na chapati asubuhi, akala wali na maharage mchana, akala ugali na kipande cha changu jioni, mara nyingi 112 haziguswi. Asubuhi anawahi kazini, mchana anakula kilichopo. Usiku ndio wakati ambao yuko huru na pengo bado liko wazi. Robo kilo ya mtindi mzito na yai moja la kuchemsha, lenye gramu kama 6, linaziba sehemu kubwa ya pengo hilo bila kupika. Yule ambaye siku yake imeshatimia hana haja ya kujilazimisha. Anywe maji, alale.

Na kitambi? Chakula hakigeuki mafuta kwa kuwa jua limezama. Kinachofuga kitambi ni nishati inayoingia kuzidi inayotumika, siku baada ya siku. Ubaya wa zege la saa tatu ni kwamba linaliwa juu ya chakula cha jioni ambacho mtu ameshakula, na viazi vyake vimeshakunywa mafuta ya kutosha. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori kama 120, na karai la chipsi halipimwi kwa vijiko. Mayai yaliyomo ndani sina ugomvi nayo hata kidogo.

Mtindi nao una mtego wake, ndiyo maana nimeyataja malai mapema. Kitambaa kinapochuja maji hakichuji mafuta. Yanabaki pamoja na protini na kusongamana vilevile. Maziwa ambayo hayakuenguliwa malai yakichujwa, robo kilo inaweza kukubebea gramu 20 za mafuta au zaidi, na hizo peke yake ni kalori 180. Hapa yanaenguliwa, ila kuengua kwa upawa hakumalizi mafuta yote, kwa hiyo anayepunguza mwili auhesabu mtindi huu ndani ya chakula cha siku. Ukienda duka jingine lolote, uliza kabla hujatoa hela.

Jambo jingine ni sukari. Mama ana mkono mwepesi wa sukari, na kwake hiyo ni heshima kwa mgeni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mzito? Nikutilie vijiko viwili au vitatu?"

"Usitie, mama. Nipe hivyo hivyo."

"Na uchachu wote huu? Haya, mwenyewe ndiye mlaji."

Sema mapema, kwa sababu kijiko kinafika kwenye bakuli kabla hujamaliza kuitikia. Na usitazame sana kabati la kioo: maandazi mawili ya pale yanaweza kuzidi kalori za robo yako ya mtindi.

Namna ya kuula inategemea unachokitafuta. Ninaye mwanafunzi, mwalimu wa sekondari, anayepunguza mwili. Nilimwambia apunguze wali wa jioni, robo ya mtindi ikae mahali pake. Anaukatia tango, anatia chumvi kidogo na pilipili manga, na haamki tena usiku wa manane kufungua sufuria. Kwa mtu anayekula kidogo ili apungue, hilo la njaa ya usiku nalihesabu kuliko hiyo asilimia 22. Kijana mwingine, wa bodaboda, mwembamba kama ufito, tatizo lake ni kinyume. Huyo namwambia achanganye tende, ndizi mbivu na konzi ya karanga, na malai aombe arudishiwe. Karanga zina kalori zaidi ya 550 katika kila gramu 100, kwa hiyo zinamfaa yeye. Mwalimu wangu azipitie mbali.

Wanaosumbuliwa na maziwa, wanaofura tumbo na kuharisha, wengi wao mtindi huu unawapita salama, kwa kuwa bakteria wameshaila sehemu ya sukari ya maziwa na nyingine imeondoka na maji. Waanze na vijiko vichache. Mwenye kiungulia ale mapema, zikiwa zimebaki saa mbili au tatu alale, asile na kulala papo hapo. Mwenye ugonjwa wa figo aongee na daktari wake kwanza kuhusu protini. Hilo si la kocha.

Lawama zangu ni mbili. Mtindi mzito huisha mapema, na Ijumaa na Jumamosi ukifika saa tatu unakuta kitambaa kimeshafuliwa na kuanikwa. Pili, uchachu haulingani. Wakati wa kaskazi, joto likizidi, mgando unawahi na kuna siku unachachuka mpaka meno yanakufa ganzi. Ningependa aweke hata friji dogo. Nimemwambia, akasema umeme wa duka hautoshi.

Lakini mtindi ukiwa umeisha usikae barazani kusubiri au kuzunguka mji mzima kutafuta. Kuna utafiti wa mwaka 2010, wa Chuo Kikuu cha Chicago, ambapo watu wanene 10 walikula kwa kipimo kilekile cha kupunguza uzito, mara wakipewa nafasi ya kulala saa 8.5, mara saa 5.5. Kilo zilizopungua zilikaribiana, ila kipindi cha usingizi mfupi mafuta yaliyotoka yalikuwa pungufu kwa asilimia 55, na mwili ukapoteza nyama zaidi. Chemsha mayai mawili nyumbani, kula, zima simu, lala.

Duka hufunguliwa mchana, ila mzito huanza kutoka baada ya magharibi mpaka saa nne, ukibahatika. Mwezi wa Ramadhani wanauza baada ya tarawehe mpaka karibu na daku, na hapo mtindi haukosekani. Beba chombo chako chenye mfuniko, kwani mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 na yeye hana vya kufungia. Wateja wake wa kila siku wanaacha bakuli pale asubuhi wakipita na baiskeli kwenda kazini, wakirudi wanalikuta limejazwa na limefunikwa. Fanyeni hivyo.