TAHADHARI: "GTX 1050 Ti" zilizochakachuliwa zinauzwa hapa Mwanza

Wakuu mnaounga kompyuta za gemu hapa Mwanza, kaeni macho. Kuna jamaa anatangaza kwenye magrupu ya WhatsApp kadi ya picha (graphics card) ya NVIDIA, GTX 1050 Ti yenye memori ya GB 4, kwa laki mbili na nusu, "used ya Dubai, haina shida yoyote". Duka hana. Anakutana na mteja stendi ya Buzuruga au kwenye sheli yoyote iliyo karibu, anapokea chake, anapotea. Kadi zake nimeshazishika, maana vijana huniletea niwafanyie sevisi wakilalamika kwamba gemu zinaganda. Sevisi haitasaidia kitu. Ni feki.

Na feki yenyewe si ya kuwasha ikakataa kuwaka, ndiyo maana watu wanalizwa. Inawaka vizuri tu na feni zinazunguka. Ndani yake kuna chipu ya zamani ya NVIDIA, ya kizazi kinachoitwa Fermi, zile zilizotumika kwenye GTS 450 na GTX 550 Ti za 2010 na 2011, halafu BIOS ya kadi, yaani ile programu ndogo ya ndani inayoitambulisha kwa kompyuta, imechakachuliwa ijitaje kuwa 1050 Ti. Windows haichunguzi chipu, inasoma jina ililopewa na kulirudia. Kwa hiyo ukifungua kompyuta utaona "NVIDIA GeForce GTX 1050 Ti" bila wasiwasi wowote, na GB 4 juu yake. Wengi wakishaona hilo jina, mkono unaenda mfukoni.

Tofauti yake sasa. 1050 Ti halali, iliyotoka Oktoba 2016, ina kore 768 za CUDA, yaani vile vitengo vidogo vinavyofanya kazi ya kuchora picha. Hizo za Fermi zina 192. Hizo GB 4 nazo ni za maandishi: kadi hizi kwa kawaida zina GB 1 ya kweli, kwa hiyo gemu ikishajaza hiyo moja, skrini inajaa mistari ya rangi au kila kitu kinasimama. Ni kuuziwa fulu, kale kasamaki kadogo, kwa bei ya sangara.

Mwanzoni nilitaka kumtetea jamaa, nikidhani labda naye aliuziwa mzigo akiwa hajui. Lakini kila mteja wake anakabidhiwa na flashi yenye draiva (programu inayoiendesha kadi), pamoja na maelekezo: "Bosi, weka hii hii, usiapdeti kabisa." Mtu asiyejua angekataza kuapdeti kwa sababu gani? NVIDIA iliacha kutoa draiva mpya za gemu kwa kadi za Fermi mwaka 2018. Ukichukua draiva ya sasa ya 1050 Ti kutoka kwao ukaiweka kwenye hizi, skrini inakuwa nyeusi au Windows inaigomea kadi. Hilo analijua, na flashi ndiyo dawa yake ya kupata muda wa kubadilisha namba ya simu.

Kuna na video yake ya majaribio, anakuonyesha GTA V inacheza. Msibabaike nayo. GTA V ni ya zamani na kiwango chake cha chini ni kadi ya 9800 GT, ambayo ni ya zamani kuliko hata hizo Fermi. Inafunguka karibu kwenye chochote. Mwambie aweke EA Sports FC 24, ambayo kiwango chake cha chini ndiyo hiyo 1050 Ti yenyewe, na ndiyo sababu vijana wengi wanaitafuta kadi hii. Hapo utasikia intaneti imekata.

Moja ya kadi hizo niliifungua mbele ya mwenyewe. Feni mbili za kupendeza, kava jeusi, stika mpya inayong'aa ya 1050 Ti. Nikalegeza skrubu nne, nikainua feni na bamba lake, nikafuta dawa ya kijivu ya kupoozea kwa kitambaa chenye spiriti. Maandishi yakatokea juu ya chipu: GF116. Ya 1050 Ti huanza na GP107. Kijana aliyasoma mwenyewe, akayasoma tena, halafu akaniuliza kama kuna namna ya "kuiapgredi". Hakuna.

Huhitaji kufungua skrubu ili ujue, lakini. Angalia kwanza matundu ya nyuma. Ukikuta tundu la VGA, lile la bluu, shtuka, kwa sababu chipu za Pascal, ambazo 1050 Ti ni mojawapo, hazitoi VGA zenyewe. Kisha uwe na GPU-Z kwenye flashi yako. Ni programu ya bure, ndogo, wala haihitaji kusakinishwa, na tangu 2018 inazitambua chipu hizi za kale hata zikiwa zimebadilishwa jina: inaandika FAKE mwanzoni mwa jina la kadi. Chini kule kuna visanduku vya teknolojia. Tafuta cha Vulkan, mojawapo ya teknolojia za kuchorea gemu: 1050 Ti inayo, Fermi haina. Pakua mwenyewe, usikubali iliyomo kwenye kompyuta ya muuzaji.

Maana yake ni kwamba kadi ijaribiwe kwenye mashine yako, au kwa fundi uliyemchagua wewe, kabla hela haijatoka. Akisema umeme umekatika, subirini urudi. Akisema ana haraka, mwache aende.

Mlioko Ukerewe, Sengerema au Bukoba ndio ninaowaonea huruma zaidi, kwa sababu anawaambia watume nusu ya hela kwanza, "mzigo uko kwenye basi". Msitume. Bora nauli ya meli kutoka Nansio, ukaishike kadi kwa mkono wako.

Ukiniuliza mimi, hata 1050 Ti halali siyo ya kukimbilia kwa bei hiyo tena. Tangu Oktoba 2025 NVIDIA imeacha kuitolea draiva mpya za gemu, imebaki na za usalama tu hadi Oktoba 2028. Ongeza kidogo, utafute GTX 1650: kore 896, kizazi kipya zaidi, na umeme wake ni wati 75 tu, hivyo nyingi hazihitaji waya wa ziada kutoka kwenye pawa saplai. Hilo ni kubwa kwa sisi tunaotumia zile Dell na HP za maofisini. Ila pima kesi yako kwanza, zile nyembamba zinataka kadi ya kimo kifupi (low profile). RX 580 ya GB 8, ya kampuni ya AMD, ina nguvu zaidi, lakini inakula wati 185 na inataka waya wake wa umeme, usiitie kwenye saplai ya wati 240. Na humo nako kuna mtego: ikiandikwa 2048SP, hiyo ni RX 570 iliyovalishwa jina, kwa sababu 580 kamili ina kore 2304. Siyo mbovu, ila bei yake iwe ya 570. Ukiona "1060" ya bei chee isiyo na tundu hata moja la skrini, hiyo ni P106 ya wachimba sarafu za kidijitali, achana nayo.

Kwa ambaye ameshanunua: usibandue stika wala kufungua chochote kwanza. Piga picha kadi pande zote, piga picha GPU-Z ikiwa imeandika FAKE, hifadhi meseji zake na ujumbe wa muamala, kisha nenda polisi ukachukue RB, ile namba ya taarifa yako. Bidhaa bandia zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC, nako peleka malalamiko. Na akikutumia meseji ya kukutapeli hela, iwasilishe kwenda 15040, namba ya kuripotia meseji za utapeli. Flashi aliyokupa usiifute, ni sehemu ya ushahidi.