Uzoefu wangu: Miaka minne na Triumph Bonneville ya mwaka 1969

Huu ni mwaka wa nne naendesha pikipiki ya Triumph Bonneville T120 iliyotengenezwa mwaka 1969, na sikuinunua ili ikae gereji chini ya turubai. Naishi Coventry, Uingereza, naipanda kwenda kazini siku tatu au nne kwa wiki, na majira ya joto naenda nayo mbali zaidi. Nawaandikia wale wanaotamani pikipiki ya zamani ya Kiingereza lakini wana shaka kama chombo cha umri huo kinaweza kumtumikia mtu kila siku. Kinaweza, ila lazima mwenyewe akubali kukijua kwa mikono yake.

Kuiwasha kuna utaratibu wake. Nafungua bomba la petroli, kisha nabonyeza kitufe kidogo kilicho ubavuni mwa kila kabureta, nazo ni mbili, hadi petroli ichuruzike na kunilowesha ncha ya kidole. Halafu nakamata klachi na kukanyaga kiki mara mbili tatu kabla ya kufungua swichi, ili sahani za klachi zilizogandana kwa oili usiku kucha ziachane. Nikisahau hatua hiyo, gia ya kwanza huingia kwa kishindo cha kuamsha majirani. Ndipo nafungua swichi, naisukuma kiki polepole mpaka nihisi injini imekaza, na kuikanyaga kwa uzito wangu wote. Mara nyingi huitika kwa kiki ya kwanza au ya pili. Pistoni zake mbili hupanda na kushuka pamoja, na mlio unaotokana na hilo ni mzito na wenye mapigo yanayohesabika. Nikiusikia nakumbuka kwamba lugha yetu iliita chombo hiki pikipiki kwa sababu ya mlio.

Barabarani ni nyepesi kuliko inavyoonekana. Injini ya cc 649 ina nguvu tangu mzunguko wa chini, na gia nne zinatosha kabisa kwa njia nyembamba za vijijini. Wiki za mwanzo zilinitia hofu, kwa kuwa gia ziko mguu wa kulia na breki ya nyuma iko kushoto, kinyume cha pikipiki za Kijapani nilizojifunzia Tanga, na siku moja nilikanyaga gia nikidhani nafunga breki, nikasimama hatua chache tu kutoka kwenye gari lililokuwa mbele yangu. Tangu siku hiyo naacha nafasi kubwa. Ukizidisha mwendo, mtikisiko hupanda kwenye mikono na miguu. Hiyo ndiyo tabia ya injini ya aina hii, kwa hiyo kwenye barabara kuu natulia kwenye kilomita 90 kwa saa.

Kero kubwa niliyoipata ilitoka kwa fundi, si kwa pikipiki. Gereji moja niliyoiamini mwanzoni ilifungua nati za injini kwa spana za milimita, ilhali nati nyingi za mashine hii ni za vipimo vya zamani vya Kiingereza, na kingo zake zikaliwa. Oili ikaanza kuvuja kwenye maungio, nami nikalazimika kununua seti ya spana zinazofaa na kujifunza kazi hiyo mwenyewe, jambo ninalomshauri kila mnunuzi alifanye mapema. Kuhusu mafuta, petroli ya kawaida inayouzwa hapa tangu Septemba 2021 inaweza kuwa na asilimia 10 ya ethanoli, ambayo huharibu sehemu za mpira za zamani, kwa hiyo natumia ile ya bei ya juu yenye ethanoli kidogo. Kwa upande mwingine, chombo kilichozidi miaka 40 kinaweza kusajiliwa kama cha kihistoria na kusamehewa kodi ya barabara. Ukaguzi wa kila mwaka nao si lazima kwa pikipiki kama yangu, lakini mimi naipeleka kwa hiari, kwa sababu jicho la pili huona ambacho langu limezoea.

Ipo furaha nyingine inayotokana na mahali ninapoishi. Bonneville yangu ilizaliwa Meriden, kijiji kilicho magharibi mwa Coventry, ambako Triumph ilijenga kiwanda kipya baada ya kile cha mjini kupigwa mabomu mwaka 1940. Kiwanda cha Meriden kilifungwa mwaka 1983, na mahali pake sasa pana nyumba za watu. Siku moja, nikiwa kituo cha mafuta, mzee mmoja alinikaribia bila kusema neno, akainama na kupitisha kidole polepole juu ya mstari wa dhahabu uliochorwa kwenye tangi. Aliniambia kwamba mistari ile ilichorwa kwa mkono na brashi, na kwamba yeye alifanya kazi chumba cha jirani na wachoraji wale. Aliniuliza kama naiendesha wakati wa mvua. Nilipomjibu kuwa naiendesha hata siku za mvua, alinishika mkono, akaniomba niiwashe, akasimama pale akisikiliza hadi nilipoingia barabarani.