Nimeuza Altezza RS200 yenye haijaisha hapa Lubumbashi: uzoefu wangu na komisyonere (dalali)

Feza nimezipokea jana tu, acha niandike kungali moto. Motoka ni Toyota Altezza RS200, ile ya mbio yenyewe, motere 3S-GE ya lita 2 yenye Yamaha walitia mukono kwenye kilase (kichwa cha motere), bwate (giaboksi) ya vitesi 6, farasi 210 ikitoka kiwandani. Wenye walishaona tablo yake wanajua, saa kubwa moja na visaa vidogo ndani yake kama saa ya mukono ya mzee tajiri. Niliinunua ikiwa imeshapita Dar, Tunduma, Zambia yote mpaka Kasumbalesa, nikajiambia miezi sita nitakuwa nimeimaliza. Ikakaa myaka tatu ku parseli (kiwanja cha nyumba), mama watoto anaanika mashuka juu ya kapo, kifuniko cha motere.

Kazi yenye ilibaki sio kidogo. Volani (usukani) iko kuume, na sisi Kongo tunatembea kuume vilevile, kwa hiyo lazima ihamishwe kushoto. Nilikuwa nimeshatafuta tablo ya Lexus IS200 ya Ulaya, juu ni motoka moja tu, huko waliiuza na jina lingine na volani kushoto, lakini iko ndani ya karto haijafungwa. Bawa la nyuma liko na mastiki (ile ya kujazia bati yenye ilibonyea), kapo ina apre ya kijivu, ile rangi ya chini tu, ambreyaji (klachi) inateleza ukiingia vitesi ya tatu ukasukuma. Kiisha asubuhi ikiwa baridi motere inapiga kra-kra-kra kidogo ndiyo inatulia, hiyo ni puli ya VVT, ile inapanga saa ya valvu kufunguka, ugonjwa wa hizi motere unajulikana, lakini asiyejua anakimbia.

Nikampelekea komisyonere mumoja upande wa Kampemba, anapanga motoka za watu pembeni ya barabara, tukapatana dola 200 ikiuzwa. Siku ya kwanza tu akaosha motere na mazutu (dizeli) ikang'aa kama sufuria mupya, akapaka matairi weusi, na bila kuniuliza akapuliza rangi ya kikopo juu ya mastiki, nyeupe yenye haifanani hata kidogo na nyeupe ya motoka. Namuuliza juu ya ambreyaji, anasema "Patro, hiyo usiseme, muntu ataiona akifika kwake." Sikupenda, lakini nilinyamaza, na hiyo ni kosa yangu.

Wiki tatu. Wengi walikuwa wanauliza inakula mafuta ngapi kiisha wanaenda kuangalia Toyota IST, kale kadogo, ya pembeni (ile IST iliuzwa asubuhi yenye ilifika, nilichukia). Akakuja papa mumoja anafanya kazi kwenye mine Kolwezi, muntu anajua motoka. Hata hakuomba funguo. Aliweka kiganja juu ya kapo, akakiacha pale, akatuangalia. "Mbona iko moto saa hii?" Kumbe komisyonere njo alikuwa anaipasha kila mara mbele ya mteja kufika, ile kra-kra isisikike. Papa akasema aksanti, akaingia kwake, akaenda. Sijawahi kusikia haya vile.

Jioni ile nikapiga video mwenyewe, demareri ya baridi, kelele yote ndani, nikaandika shida moja moja na picha ya karto, nikatupa kwenye magrupe ya WhatsApp. Siku mbili, kijana mekano wa Katuba akafika na wenzake wawili na sumaku imefungwa kwenye kitambaa. Anaipitisha polepole kwenye bawa, pale inaachia, juu mastiki haishikaki sumaku, anachora na chaki, mpaka ikatokea duara kubwa kama sahani ya bukari. Akacheka: "Yaya, mastiki haina neno, ni nani aliweka hii rangi juu?" Akaniondolea dola 50 za kuikwangua, na siwezi kukataa. Nilianza 5.500, tukafungia 4.300. Yenye niliingiza humo ndani siandiki hapa, mama watoto anasomaka.

Feza tulihesabu kwenye benchi, noti moja moja juu kwenye mwanga, mbili zilikuwa na katundu kwenye kona nikamurudishia, unajua vile dola imepasuka hapa ni karatasi tu.

Sasa komisyonere. Kwa kuuza, nyota moja, na hiyo moja ni ya kulinda motoka usiku. Lakini kwa karatasi nimupe haki yake: namba ya shasi aliisoma mwenyewe na kuilinganisha na karte roze (kadi ya motoka), akte ya kuuza, mitasyo (kubadilisha jina la mwenye motoka), vyote vikaisha bila mimi kupanga mstari. Nikamupa 120, akanuna, akapokea.

Kijana alitaka kubeba karto ya tablo siku ile ile. Male (buti) ikakataa. Akaikalisha kwenye kiti cha mbele, akaifunga mukanda kama muntu, wakaenda, tablo ya volani kushoto imekaa kushoto kwake.